Kutoka Kinywe hadi Grafini: Mwongozo wa Kuanza Utafiti wa Nanomateriali kwa Vifaa Vinavyopatikana Arusha na Moshi

Ukiokota kipande cha mwamba wa kijivu kilichotoka Mererani, kwenye machimbo ya tanzanaiti, na kukisugua kwa dole gumba, kidole kinabaki na weusi unaong'aa, unaoteleza kana kwamba umepaka mafuta, na maji matupu hayauondoi. Weusi huo ni kinywe, ambacho vitabu vya kemia hukiita grafiti. Ndicho kinachowafanya wachimbaji watoke mashimoni wakiwa na rangi ya ncha ya penseli tangu utosini hadi nyayoni. Tangu tanzanaiti igunduliwe mwaka 1967, macho ya watu yamekuwa kwenye jiwe la bluu, ilhali kinywe kilicholizunguka jiwe hilo ndicho malighafi ya mojawapo ya nanomateriali zinazochunguzwa zaidi duniani. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mwanafunzi wa chuo, mwalimu wa sayansi wa sekondari, au mtu yeyote mwenye subira na daftari, anayetaka kuanza utafiti huo bila kungoja mashine za mamilioni.

Unachunguza nini hasa

Kila kitu kina mielekeo mitatu: urefu, upana na unene. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita, na unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Mwelekeo mmoja au zaidi ukibanwa hadi chini ya nanomita mia moja hivi, tabia ya kitu hubadilika: rangi yake, namna kinavyopitisha umeme, na jinsi kinavyoshikana na vitu vingine. Kitu cha namna hiyo ndicho kinachoitwa nanomateriali. Kikibanwa pande zote tatu, tunapata nukta, kama zile nukta za kwantamu ambazo Moungi Bawendi, Louis Brus na Aleksey Yekimov walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2023. Kikibanwa pande mbili, tunapata uzi au bomba, kama mabomba ya kaboni aliyoyaeleza Sumio Iijima mwaka 1991. Kikibanwa upande mmoja tu, tunapata karatasi, na karatasi iliyo maarufu kuliko zote ni grafini, yaani tabaka moja la atomi za kaboni. Andre Geim na Konstantin Novoselov waliitenga huko Manchester mwaka 2004 kwa kubandua kinywe kwa utepe wa gundi, wakapata Nobel ya Fizikia mwaka 2010.

Nimeichagua grafini kwa sababu moja: kazi ya kuitengeneza imeshafanywa nusu na maumbile yenyewe. Kinywe ni rundo la grafini. Tabaka moja liko umbali wa nanomita 0.335 kutoka jingine, kwa hiyo kipande chenye unene wa milimita moja kina tabaka karibu milioni tatu. Ndani ya kila tabaka atomi zimeshikana kwa nguvu kubwa sana, lakini baina ya tabaka na tabaka kuna mvuto hafifu tu, na ndiyo maana kidole chako kimechafuka. Kazi yetu ni kuzitenganisha tabaka hizo bila kuzipasua, na kuzizuia zisirudiane.

Chagua swali kabla ya kununua chochote

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Mtu husoma kwamba gramu moja ya grafini ina eneo la mita za mraba 2,630, zaidi ya theluthi ya uwanja wa mpira, kisha anaandika pendekezo la kuondolea floraidi katika maji ya Arumeru kwa kutumia grafini. Namwelewa. Floraidi ni mateso ya kweli hapa kwetu. Inatokana na miamba ya volkano, imewatia watoto wengi meno ya kahawia na kuwapinda baadhi yao mifupa, na maji ya visima vingi kuzunguka Mlima Meru hupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Lakini eneo kubwa peke yake halitoshi. Floraidi ni ioni yenye chaji hasi, na uso mtupu wa kaboni hauna cha kuikamatia. Mkaa wa mifupa, uliofanyiwa kazi miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto, unaiondoa kwa sababu ndani yake kuna haidroksiapataiti, madini yanayobadilishana ioni na floraidi. Aliyetumia nanomateriali kusafisha maji hapa Arusha na kutambulika ni Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Tengeru, aliyeshinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza mwaka 2015. Chujio lake linaunganisha mchanga na nanomateriali zinazochaguliwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Kila uchafu hutafutiwa kitu kinachoushika.

Kwa hiyo swali letu la kwanza liwe dogo, linalopimika, na linalotegemea tabia ambayo grafini inayo kweli, yaani kupitisha umeme. Kwa mfano: je, muda wa kusaga kinywe majini kwa blenda unabadilishaje kiasi cha magamba membamba yanayobaki majini, na ukinzani wa umeme wa ukanda unaotengenezwa nayo? Swali hilo linatosha miezi mitatu ya kazi safi.

Kupata kinywe

Kwa majaribio ya kwanza, nunua unga wa kinywe uliokwisha kusafishwa, kutoka kwa wauzaji wa kemikali za maabara. Usivunje penseli, kwa sababu ndani mna udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na kinywe. Usivunje betri za tochi pia: kijiti cheusi cha katikati si kinywe safi chenye tabaka ndefu, na kimezungukwa na manganizi na chumvi za zinki ambazo zitavuruga kila kipimo.

Ukishazoea, ndipo urudi kwenye mwamba wa Mererani, ambao kwangu una mvuto mkubwa zaidi kwa sababu ni wetu na tabia zake zina mengi ya kuchunguzwa. Eneo la machimbo limezungushiwa ukuta uliozinduliwa mwaka 2018 na ukaguzi wa mlangoni ni mkali, hivyo mpate mchimbaji mwenye leseni, mfuate utaratibu wa ofisi ya madini, na mbaki na karatasi za kibali. Mwamba huo una kwatzi, na vumbi la kwatzi huharibu mapafu moja kwa moja, kwa hiyo uupondeponde ukiwa umeloweshwa maji na uvae barakoa nzito ya vumbi, si ya kitambaa.

Kutenganisha kinywe na mawe mengine kunategemea jambo moja la kupendeza: kinywe hakipendi maji. Weka unga mbichi kwenye ndoo ya maji, tia matone machache ya mafuta ya taa na tone la sabuni, kisha puliza hewa kwa pampu ya tangi la samaki. Mapovu yatapanda yakiwa meusi na yanayong'aa, huku kwatzi ikizama. Kwangua mapovu, yasuuze, rudia mara tatu au nne, kisha ukaushe. Ili ujue umefika wapi, peleka gramu moja kwenye tanuri la maabara lenye nyuzi joto 900 za Selsiasi hadi kaboni yote iungue, kisha upime majivu: kilichobaki ndicho uchafu wako.

Maji, sabuni na blenda

Mwaka 2014 timu ya Jonathan Coleman wa Trinity College, Dublin, ilionyesha kwamba kinywe kinaweza kubanduliwa tabaka kwa tabaka kwa blenda ya jikoni na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Kinachobandua si makali ya kisu. Ni maji yenyewe, pale tabaka moja la maji linapoteleza kwa kasi kubwa juu ya jingine na kuliburuta gamba la kinywe. Sabuni huingia kwenye uso uliobanduliwa na kuupa chaji, na magamba yenye chaji ya aina moja husukumana, yasirudiane.

Hapo ndipo maji yanapokuwa na umuhimu ambao sikuujua. Mwaka wangu wa kwanza nilitumia maji ya bomba kwa mwezi mzima. Jioni chupa zilikuwa nyeusi tii, asubuhi nakuta mabonge chini na maji meupe juu, nami nikaendelea kuilaumu sabuni. Chumvi zilizomo katika maji hufunika ile chaji, na magamba yakikosa cha kuyasukuma hukumbatiana. Niliponunua maji ya betri dukani, chupa ya kwanza ilikaa wiki mbili ikiwa nyeusi ileile. Ukienda kuyanunua, hakikisha unapewa maji yaliyotoneshwa, si asidi, kwa maana wauzaji wengine huviita vyote viwili maji ya betri. Jaribu tone kwa karatasi ya litmasi kabla ya kufanya lolote.

Blenda iwe na nguvu ya wati 400 au zaidi, iandikwe kwa wino usiofutika SI YA CHAKULA, na isirudi jikoni kamwe. Usitie spiriti wala kiyeyushi chochote kinachowaka, kwa sababu mota ya blenda hutoa cheche.

Kusaga

Pima maji yaliyotoneshwa mililita 500, kinywe gramu 20, na sabuni mililita 10. Sabuni hazilingani nguvu, kwa hiyo fanya majaribio madogo ya mililita 2, 5, 10 na 20 na uchague kiasi kidogo kabisa kinachoshikilia weusi hadi kesho yake. Sabuni ikizidi, hupati grafini zaidi, unapata povu tu, na povu halina mteleziko wa kubandua chochote. Jagi lisijae zaidi ya nusu.

Koroga kwanza kwa kijiko hadi unga uliokuwa ukielea ulowe. Saga dakika moja, pumzisha dakika moja, hadi jumla ya dakika za kusaga ifike 10, 20 au 30 kulingana na jaribio lako. Mapumziko hayo yanailinda mota na kuzuia mchanganyiko usipate moto. Dakika ya kwanza utaona kijivu chenye vimetameta. Kufikia dakika ya kumi vimetameta vinapungua na rangi inakuwa kama wino. Andika saa uliyofanyia kazi, maana katika mitaa mingi umeme hupungua nguvu jioni, blenda inazunguka polepole, na matokeo ya saa moja usiku hayawezi kulinganishwa na ya saa nne asubuhi.

Siku hiyohiyo tengeneza sampuli linganishi mbili: moja ya maji na sabuni iliyosagwa bila kinywe, nyingine ya kinywe, maji na sabuni vilivyokorogwa kwa kijiko bila blenda. Bila hizo mbili huwezi kumwambia mtu yeyote kwamba blenda ndiyo iliyofanya kazi.

Kutenganisha nyembamba na nene

Sehemu kubwa ya kinywe ulichotia haijabanduka, na itazama. Ukiwa huna mashine, mimina kwenye silinda ndefu ya glasi, acha saa 48 mahali pasipotikisika, kisha vuta kwa bomba la sindano theluthi mbili za juu. Usiinamishe chombo, kwani mashapo huamka.

Ukiweza kupata sentrifuji ya maabara ya damu, zungusha mizunguko 1,500 kwa dakika kwa muda wa dakika 45 na ufanye hivyohivyo. Lakini mizunguko peke yake haimwambii msomaji kitu, kwa sababu mikono ya mashine hutofautiana urefu. Zidisha 0.00001118 kwa nusukipenyo cha sentimita, kisha kwa mizunguko iliyozidishwa kwa yenyewe. Mkono wa sentimita 10 kwa mizunguko 1,500 unatoa nguvu ya mara 250 hivi ya uvutano wa dunia, na hiyo ndiyo namba ya kuandika. Masalia yaliyozama yakusanye, yanarudi kwenye blenda duru ijayo.

Kujua umepata kiasi gani

Jaribio la kwanza ni la macho. Chukua matone machache, yazimue kwa maji safi hadi uone upande wa pili, zima taa na upitishe mwanga wa kalamu ya leza. Njia ya mwanga ikionekana kama uzi ndani ya maji, kuna chembe zinazoelea. Kumbuka kwamba hata maziwa yaliyozimuliwa hufanya hivyo. Jaribio hili linathibitisha kuwapo kwa chembe, halithibitishi kwamba ni grafini, na nimeona ripoti nyingi zikiishia hapo kwa furaha isiyostahili.

Kipimo cha kweli ni uzito. Karatasi za kuchujia za kawaida hazifai, matundu yake ni makubwa na magamba hupita. Unahitaji utando wenye matundu ya maikromita 0.45, uleule ambao maabara za maji hutumia kuhesabia bakteria. Ukaushe utando kwenye tanuri, uuache upoe ndani ya chombo kikavu kilichofungwa, upime, chuja mililita 100 za mchanganyiko wako, uusuuze kwa maji yaliyotoneshwa hadi yanayotoka yasitoe povu tena, kisha ukaushe na kupima upya kwa utaratibu uleule. Uzito ukiongezeka kwa miligramu 8, una miligramu 0.08 kwa mililita. Mizani ya jikoni haioni kitu kama hicho, kwa hiyo omba nafasi kwenye mizani ya maabara inayosoma miligramu 0.1. Fanya hivyohivyo kwa sampuli ya sabuni tupu, na uzito utakaoupata uutoe.

Ukishakuwa na sampuli tano ulizozipima uzito, unaweza kuweka spektrofotomita, kifaa kinachopima mwanga unaofyonzwa na sampuli, kwenye mwanga wa nanomita 660 na kuchora mstari wa ufyonzaji wa mwanga dhidi ya uzito. Tangu hapo utapima kwa dakika moja badala ya siku mbili. Watafiti wametoa thamani zinazotofautiana sana za ufyonzaji huu, kwa sababu unategemea sabuni na ukubwa wa magamba, kwa hiyo usinakili ya mtu, tumia ya kwako.

Ukanda unaopitisha umeme

Ule utando wenye tabaka jeusi usiutupe, huo ndio kifaa chako. Ukiwa mkavu, kata ukanda wenye urefu wa milimita 40 na upana wa milimita 5, kwa wembe mpya, ili kingo zisichanike. Bana ncha kwa klipu zilizofungwa karatasi ya alumini na upime ukinzani kwa multimita. Usipime mara moja. Sogeza klipu, upime kwa umbali wa milimita 10, 15, 20, 25 na 30, kisha uchore grafu. Mahali mstari unapokata mhimili wa ukinzani panakuonyesha mchango wa klipu zenyewe, na mteremko wake ndio ukinzani wa grafini. Ukizidisha mteremko huo kwa upana, unapata ukinzani wa kila mraba, namba ambayo mtu wa Seoul na wa Tengeru wanaweza kulinganisha. Kwa mfano, mteremko wa omu 400 kwa milimita, kwa upana wa milimita 5, ni omu 2,000 kwa mraba.

Sasa uukunje ukanda taratibu juu ya chupa ya soda, kisha juu ya bomba jembamba zaidi, huku ukisoma multimita. Magamba yanapoachana kidogo ukinzani hupanda, na ukinyoosha hushuka, ingawa mara za mwanzo haurudi kabisa pale ulipoanzia. Kunja mara hamsini kabla ya kuanza kuandika. Kisha upulizie pumzi yako ukanda ukiwa umenyooka, na pengine namba itacheza tena, kwa sababu ya unyevu. Basi anayetaka kupima mkunjo lazima aufunike ukanda kwa plastiki, la sivyo mvua za Aprili zitaingia kwenye data yake bila yeye kujua.

Kabla ya kutamka neno grafini

Mpaka sasa una kinywe chembamba. Ili kujua wembamba wake, omba kipimo cha Raman, kinachosoma mwanga wa leza unaotawanywa na sampuli, kwenye chuo chenye mashine hiyo, na ujue mapema unatafuta nini. Kilele cha karibu 1,580 kwa sentimita kipo katika kinywe chochote. Cha karibu 1,350 hutokana na kingo na kasoro, hivyo kitakua magamba yanapokuwa madogo. Cha karibu 2,700 ndicho kinachosema zaidi: katika kinywe kinene kina bega upande mmoja, na kadiri tabaka zinavyopungua ndivyo kinavyokuwa na umbo la kengele lililo sawa pande zote. Ukitumia mionzi-eksi ya shaba, kinywe hutoa kilele kikali karibu na pembe ya nyuzi 26.5, lakini usikitegemee kwa ukanda uliokauka, kwa sababu magamba yanapokauka hujipanga upya na kilele hurudi hata kama majini yalikuwa yameachana.

Dondoshea sampuli ya Raman kwenye kipande safi cha kioo, si kwenye utando, maana plastiki ya utando ina vilele vyake. Tuma vipande vitatu: cha mchanganyiko wako, cha kinywe kisichosagwa, na cha kile kilichokorogwa kwa kijiko. Kila kimoja kiandikwe tarehe, namba ya ukurasa wa daftari, na dakika za kusaga. Maji meusi yaliyobaki usiyamwage mferejini wala mto Themi. Yaache yakauke juani ndani ya beseni pana, ukwangue ganda linaloachwa, ulihifadhi kwenye kopo lenye kifuniko, na ulitumie katika duru inayofuata.